Lifti ya maboksi ya klabu ya watoto: kibanda kinakwama njiani, mota inachemka

Mwalimu_wa_Klabu aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mafundi na walimu wenzangu wa sayansi.

Klabu ina watoto 14 wa darasa la tano hadi la saba. Wanatengeneza lifti ndogo inayofanya kazi kwa ajili ya maonyesho ya shule, na zimebaki wiki tatu. Mnara ni wa maboksi magumu, kimo sentimita 80, sakafu yake 20 kwa 20, ghorofa nne, kila ghorofa sentimita 18. Kibanda kina upana wa sentimita 12, kina 10, kimo 14, na kikiwa kitupu kina gramu 90. Kinatakiwa kipandishe wanasesere na vitu vidogo visivyozidi gramu 100. Mota imetoka kwenye gari la kuchezea. Uzi wa cherehani umefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya mota, na umeme ni wa betri mbili za AA.

Hali ilivyo: kwa betri mbili mota inanguruma na haiinui kitu. Kwa betri nne kibanda kinaruka kwa kishindo, kinapinda, kinakwama katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na mota inachemka hadi haishikiki. Mara chache kinapofika juu, kinagonga paa na uzi unakatika. Ukizima, kinaporomoka.

Ninachouliza: mota ipi inafaa, kibanda kizuiweje kukwama, na kisimameje juu na chini bila kutumia kompyuta. Bajeti ni ndogo. Watoto wanajua kukata, kugundisha na kuunga waya, ila kulehemu kwa risasi tunafanya sisi walimu.

Fundi_Makapi alijibu:

Salama Mwalimu. Kabla hamjanunua chochote, ng'oeni mota muiweke pembeni. Hayo yote uliyoyataja chanzo chake ni kimoja: mota imebebeshwa kazi ambayo kwenye lifti ya kweli si yake.

Kwenye lifti za majengo, kibanda hubebwa na uzito wa kusawazisha unaoning'inia upande wa pili wa kamba. Mota inasukuma ile tofauti tu inayobaki. Uzito huo hupimwa ulingane na kibanda kitupu pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo wa juu kabisa. Kwenu ni gramu 90 kujumlisha 50, yaani 140. Kibanda kikiwa kitupu, upande wa pili unakizidi kwa gramu 50. Kikijaa kinakuwa na 190, nacho kinauzidi kwa 50 zilezile. Mota itapambana na gramu 50 badala ya 190, na watoto wa darasa la tano wanaweza kuipiga hesabu hiyo wenyewe ubaoni.

Mizani hamhitaji. Chukueni chupa ndogo ya juisi, ifungwe upande wa pili wa uzi, kibanda kitupu kikiwa upande wa kwanza, uzi ukiwa umepita juu ya makapi (magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitishia uzi). Mimineni maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano la mililita 10 (lisilo na sindano) hadi pande zote mbili zitulie. Hapo chupa na kibanda vimelingana. Ongezeni mililita 50, kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja. Mkishapata kipimo, tengenezeni chupa nyingine ya mchanga mkavu yenye uzito uleule na ndiyo mtumie, maana maji yanacheza na yakimwagika yanaishia kwenye betri.

Sasa reli, ambako ndiko kibanda kinakokwama. Kuta za boksi haziwezi kuwa reli. Zinapinda, na pembe za kibanda zinajichimbia ndani yake. Tumieni mishipi miwili ya kuvulia samaki ya milimita 0.8, mmoja kila upande wa kibanda, kutoka paa hadi sakafu, ivutwe hadi ukiigusa ilie kama uzi wa gitaa. Kwenye kila ubavu wa kibanda gundisheni vipande viwili vya mrija wa ndani wa kalamu iliyokwisha wino, kila kimoja sentimita 1, kimoja juu kabisa na kingine chini kabisa, mshipi upite ndani yake. Msiweke kipande kimoja katikati. Sehemu mbili za kushikilia zikikaribiana, kibanda kikiinama kidogo tu mrija unaubana mshipi na hakiendi popote. Zikiachana sentimita 13, kuinama huko hakuna nguvu.

Mishipi ikivutwa hivyo itaivuta paa ya boksi iingie ndani. Kwa hiyo juu na chini wekeni ubao au plaiwudi ya milimita 9, na kona nne za mnara ziwe na vipande vya mbao vya sentimita 2 kwa 2. Boksi libaki ukuta wa kupamba tu.

Ndoano ya uzi nayo ikae sawa. Kabla ya kupitisha mishipi, ning'inizeni kibanda hewani kwa uzi peke yake. Kikiinama upande, sogezeni ndoano kuelekea upande ulioinama hadi kitulie wima. Kibanda kisichoning'inia wima hewani kitasugua reli moja safari nzima, hata mpake mafuta gani.

Makapi mawili ya juu yaachane kwa sentimita 9 na nusu, ndipo uzi wa kibanda ushuke katikati ya kibanda na uzi wa chupa ushuke katikati ya chupa bila kugusana. Ekseli ya kapi iwe spoku ya baiskeli, na tundu la kapi liwe kubwa kuliko spoku kidogo tu.

Kipimo cha mwisho ni cha mkono. Rudisheni chupa kwenye uzito uleule wa kibanda kitupu. Kisukumeni kwa kidole: popote mtakapokiacha kibaki hapo, juu, kati na chini. Kisha tieni maji kwa bomba la sindano kwenye kikombe ndani ya kibanda hadi kianze kushuka chenyewe. Mililita hizo ndizo msuguano wenu. Zikiwa chini ya 15 mnaendelea. Zikifika 40, msiguse mota, rudini kwenye reli.

Nyaya_Sita alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Fundi_Makapi amemaliza upande wa mnara, mimi naongeza upande wa umeme.

Mota ya gari la kuchezea bila gia inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika lakini nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo mno. Ekseli yake ni milimita 2, kwa hiyo kila mzunguko unavuta uzi milimita 6.3. Ikizunguka 6,000 kwa dakika ni sentimita 63 kwa sekunde. Mnara wenu unamalizika kwa sekunde moja na kidogo. Ndiyo maana ama inanguruma tu ama inarusha. Na kuchemka kwake ni kwa sababu mota iliyokwama hunyonya umeme mwingi kuliko inayozunguka, na umeme wote huo unageuka joto ndani ya waya zake.

Nunueni mota ya njano yenye giaboksi ya plastiki, ile ya magari ya roboti ya wanafunzi, imeandikwa 1:48. Kariakoo ipo, Nairobi ipo Luthuli Avenue. Kwa volti 6 bila mzigo inazunguka kama mara 200 kwa dakika, kwa volti 4.5 kama 150. Wekeni kibiringo cha uzi wa cherehani chenye kiini cha milimita 15 kwenye ekseli yake. Mzunguko mmoja unavuta sentimita 4.7, na 150 kwa dakika ni karibu sentimita 12 kwa sekunde. Kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya nne ni sentimita 54, basi safari ni sekunde 5 hadi 6 mzigo ukiwemo. Ni mwendo ambao mtoto anaufuatilia kwa macho.

Ekseli ya mota hiyo imechongwa bapa pande mbili na tundu la kibiringo ni pana. Zungushieni karatasi yenye gundi hadi kibiringo kiingie kwa kubana, kisha tieni gundi ya moto, na wakati gundi inapoa iacheni mota izunguke polepole kwa betri moja. Gundi ikigandia mota imesimama, kibiringo kinakaa upande na kibanda kitapanda kwa kuyumba.

Betri ziwe tatu za AA za alikalaini. Zile za bei nafuu za redio zinashuka volti mara mota inapoanza. Mahali pasipo na alikalaini, betri tatu kubwa za tochi zinafaa na zinadumu zaidi. Benki za umeme za simu baadhi yake hujizima zenyewe zikiona kifaa kinatumia umeme kidogo, na mota iliyosawazishwa vizuri hutumia kidogo. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato msiwape watoto kabisa. Waya zikigusana zinaungua.

Swichi ya kupanda na kushuka ni ya miguu sita, ya ulimi, na mhakikishe dukani kwamba inakaa katikati. Nyingi zinakaa pande mbili tu, nazo hazina sehemu ya kuzima. Igeuze uone miguu katika safu tatu za mbili mbili. Safu ya katikati ni waya za mota. Safu ya juu ni betri, chanya kushoto, hasi kulia. Kisha waya fupi mbili zinazopishana: mguu wa juu kushoto uunge na wa chini kulia, wa juu kulia uunge na wa chini kushoto. Waya hizo mbili zisigusane zinapopishana. Zikigusana ni betri imeungwa moja kwa moja, chanya kwa hasi.

Kusimama juu na chini: swichi ndogo mbili zenye ulimi wa chuma na miguu mitatu. Mguu mmoja ni wa pamoja, mmoja umeunganishwa ulimi ukiwa huru, mmoja ulimi ukibonyezwa. Nyinyi mnatumia wa pamoja na ule unaounganika ulimi ukiwa huru. Zote mbili ziingie kwenye waya mmoja wa mota, moja baada ya nyingine. Kibanda kikifika juu kinabonyeza ulimi, umeme unakatika.

Ila ukikatika hivyo kibanda hakitaweza kushuka tena, kwa kuwa swichi bado imebonyezwa. Dawa yake ni dayodi ya 1N4007 iliyofungwa kwenye miguu ya kila swichi, ikiruka juu yake. Dayodi inapitisha umeme kuelekea upande wake wenye mstari tu. Kwenye swichi ya juu, mstari uelekee upande unaokuwa chanya wakati wa kupanda. Hapo umeme wa kupanda unazuiwa na wa kushuka unapita. Swichi ya chini ni kinyume chake. Swichi zikiwa kwenye waya mmoja, mistari ya dayodi inatazama pande zinazopingana. Dayodi inakula kama volti 0.7, ndiyo sababu nimesema betri tatu. Kwa mbili mota ingebakiwa na volti 2.3 na ingeng'oka kwa shida.

Kuna anayeweza kushauri mchukue swichi hizo kwenye mlango wa maikrowevu iliyoharibika. Msifungue maikrowevu. Ndani yake kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoweza kubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Printa mbovu ni sawa, na ina fimbo nzuri ya chuma laini na gia.

Mwalimu_wa_Klabu aliandika:

Asanteni sana. Ripoti ya wiki ya kwanza: mbao, mishipi na mirija ya kalamu vimekaa. Msuguano ulianza na mililita 38. Ndoano iliposogezwa sentimita moja nyuma ukashuka hadi 12. Chupa ya mchanga ni gramu 140. Mota ya njano imefungwa juu katikati ya makapi mawili.

Tatizo jipya: kibanda kikiwa kitupu kinapanda na kushuka vizuri. Tukiweka mzigo wa gramu 100, kibiringo kinazunguka lakini uzi unateleza. Uzi umepita juu ya kibiringo, nusu mzunguko hivi. Tufunge uzi kwenye kibiringo ujikunje kama kwenye winchi?

Fundi_Makapi alijibu:

Msiufunge, Mwalimu. Uzi usiofungwa ndio ulinzi wenu, nitaeleza.

Uwezo wa kibiringo kushika uzi unategemea umeuzungusha kiasi gani. Plastiki na uzi wa cherehani vinateleza sana. Kwa nusu mzunguko, upande mzito ukiuzidi mwepesi kwa kama mara moja na nusu tu, uzi unaanza kuteleza. Nyinyi mna 190 kwa 140, yaani karibu mara 1.4 kibanda kikiwa kimetulia. Mota ikianza kwa kishtuko, mmeshavuka. Kitupu ni 140 kwa 90, ambayo ni zaidi ya hapo, lakini wakati huo chupa ndiyo inasaidia kupandisha. Jaribuni kukishusha kitupu kwa kushtukiza mtaona nacho kinateleza.

Fanyeni mambo mawili. Uzi uzunguke kibiringo mara moja kamili, uingie upande huu na utokee upande wa pili kuelekea kapi la chupa. Kushika hakuongezeki mara mbili tu. Kunazidishwa kwa yenyewe: mara moja na nusu kwa nusu mzunguko wa kwanza, mara nyingine moja na nusu kwa nusu ya pili, jumla zaidi ya mara mbili. Pili, kateni pete ya tyubu ya baiskeli, ivalisheni kiini cha kibiringo ikibana. Kwa mpira na mzunguko mmoja, gramu 100 ni kazi ndogo. Na uzi wa cherehani badilisheni, wekeni uzi wa kushonea viatu wa nailoni. Mwembamba sana unauchana mpira.

Mtaona uzi unatembea pembeni kwenye kibiringo kadiri unavyozunguka, kila mzunguko unasogea unene wa uzi. Safari yenu ni mizunguko kama 11 na nusu. Kwa uzi wa milimita 1 ni milimita 11 na nusu, na ukirudi unarudi. Kiini kikiwa na urefu wa sentimita 2 na muanze uzi ukiwa upande unaofaa, hautagusa ukingo. Mkizungusha mara mbili au tatu kwa kutaka kushika zaidi, mzunguko mmoja utaupanda mwingine, uzi utafunga fundo na kibanda kitasimama ghafla. Mzunguko mmoja unatosha.

Sasa sababu ya kutoufunga. Kwenye winchi, swichi ya juu ikifeli, mota inaendelea kukunja uzi hadi kibanda kigonge paa na kitu fulani kikatike. Ndicho kilichotokea kwenu mwanzo. Kwenye mfumo huu, pimeni uzi ili kibanda kikiwa sentimita 3 chini ya paa, chupa iwe imeshatua sakafuni. Chupa ikitua, upande wake wa uzi unalegea. Kibiringo hakina tena cha kubania, kinazunguka patupu, na kibanda hakipandi hata kidogo. Kushika kunazidisha mvuto wa upande wa pili, na sifuri ukiizidisha kwa chochote ni sifuri. Lifti za maghorofa zimefungwa kwa namna hiyohiyo, kwa msuguano. Waonyesheni watoto kwa makusudi: shikeni chupa kwa mkono muinue kidogo, waone kibiringo kikizunguka na kibanda kimetulia.

Bi_Majaribio alijibu:

Mwalimu, kwa kuwa mnara umekaa sawa na muda upo, naomba msiwanyime watoto breki ya usalama. Elisha Otis, aliyebuni breki ya namna hiyo, alisimama juu ya jukwaa la lifti kwenye maonyesho ya Crystal Palace, New York, mwaka 1854, akaamuru kamba ikatwe mbele ya watu, na jukwaa likabaki juu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1857, lifti ya abiria ikawekwa kwenye duka la Haughwout mjini humo. Kwetu, Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliyojengwa mwaka 1883 inatajwa kuwa jengo la kwanza la Afrika Mashariki kuwa na lifti. Hayo yaingie kwenye bango lenu la ukutani. Ila breki yenyewe watoto wanaiunda kwa boksi.

Chukueni boksi gumu lenye mawimbi ndani. Lowesheni kidogo karatasi ya upande mmoja kwa kitambaa chenye maji, subirini dakika mbili, kisha ibandueni polepole. Yanabaki mawimbi wazi, kama bati la nyumba, yameachana kwa milimita 6 hadi 8. Yakikauka yapakeni gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara mbili, yawe magumu. Kateni vipande virefu vya upana wa sentimita 3 na muvigundishe pande mbili za mnara, mawimbi yakilala mlalo. Ni lazima yalale mlalo. Yakisimama wima, meno hayapati pa kung'ata. Sentimita 3 za chini kabisa msiweke mawimbi, nitasema kwa nini.

Juu ya kibanda wekeni mikono miwili ya spoku ya baiskeli, kila mmoja wa urefu unaofika kwenye mawimbi, mmoja kushoto, mmoja kulia, ikizunguka kwenye msumari mdogo karibu na katikati. Ncha za nje zinoleni kwa tupa zitazame juu kidogo na nje. Mpira wa kufungia pesa unazisukuma ncha zitoke kuelekea mawimbi. Uzi wa lifti haufungwi tena kwenye paa la kibanda. Unafungwa kwenye ncha za ndani za mikono yote miwili. Uzi ukikaza, ncha za ndani zinapanda na za nje zinaingia ndani. Uzi ukilegea, mpira unazitoa na zinang'ata.

Kazi iko kwenye kuchagua mpira. Uzi unakaza kwa uzito wa kibanda kitupu, gramu 90, kwa hiyo mpira usizidi nusu ya hapo. Pimeni hivi: shikeni kibanda kwa uzi, meno yaingie yote. Kiwekeni taratibu mezani, meno yatoke yote kabla uzi haujalala. Mpira ukiwa mkali, breki itang'ata kila mota inapoanza kushusha, kwa kuwa wakati huo uzi unalegea kidogo kwa nukta chache. Mpira ukilegea, kibanda kitafika sakafuni kabla meno hayajatoka. Na kibanda kinapotua chini kwa kawaida, uzi unalegea vilevile. Ndiyo sababu ya kuacha sentimita 3 bila mawimbi, kisijifunge chenyewe kikiwa kimefika salama.

Jaribio la kukata uzi lifanyike mota ikiwa imezimwa, kibanda kiwe ghorofa ya tatu, sifongo sakafuni. Kateni kwa mkasi karibu na kapi. Kikifanya kazi kinashuka sentimita 1 hadi 2 na kusimama. Msisahau kwamba uzi ukikatwa, chupa ya mchanga nayo inaanguka. Wekeni matambara chini yake na mtu asiingize mkono mnarani. Wenye nywele ndefu wazifunge wanapofanya kazi karibu na kibiringo, siku zote, si siku hiyo tu.

Saketi_na_Programu alijibu:

Mwalimu ameomba bila kompyuta, na kwa wiki mbili zilizobaki namuunga mkono. Taa za kuonyesha ghorofa zinatosha: kila ghorofa vipande viwili vya karatasi ya alumini ya jikoni ukutani, vikiachana milimita 5, na kwenye kibanda kipande kimoja kinachovigusa vyote viwili kikipita. Taa ndogo nyekundu ya LED, rezista (kifaa cha kupunguza umeme) ya omu 220, betri tatu. Alumini haishiki risasi, waya zibanwe kwa klipu za karatasi. Kipande cha kibanda kilale juu ya sifongo jembamba, la sivyo kitagusa ghorofa moja na kuruka nyingine.

Kwa muhula ujao mkitaka kibanda kiende chenyewe kwenye ghorofa iliyobonyezwa, mota rahisi ni ya hatua (inayozunguka hatua kwa hatua), 28BYJ-48, pamoja na bodi yake ya kuiendesha ya ULN2003 na Arduino, kompyuta ndogo ya bodi moja. Inaenda taratibu, kama mizunguko 12 hadi 15 kwa dakika, kwa hiyo iwekeeni kibiringo cha milimita 30. Vitabu vingi vinasema hatua 2,048 kwa mzunguko, lakini gia zake kwa kweli zinatoa karibu 2,038. Tofauti hiyo kwa sentimita 54 inafika milimita 2 na nusu, sakafu ya kibanda na ya ghorofa hazikutani. Pelekeni kibanda kutoka chini hadi juu, hesabuni hatua zote, gawanyeni kwa tatu. Na kwa kuwa uzi wa msuguano unateleza kidogo kidogo, programu ikihesabu hatua tu itapotea baada ya safari kadhaa. Kila kibanda kikigusa swichi ya chini, hesabu irudi sifuri.

Mkibaki na mota ya njano, bodi ya kuiendesha ya L298N inakula karibu volti 2, betri tatu hazitaitosha. Na fungeni kapasita iliyoandikwa 104 kwenye miguu miwili ya mota, bila hiyo cheche za mota zinaweza kuizima na kuiwasha Arduino katikati ya safari.

Mwalimu_wa_Klabu aliandika:

Mzunguko mmoja na pete ya tyubu vimemaliza kuteleza, gramu 100 inapanda kwa sekunde 6. Breki imekamata mara nne kati ya tano. Ile ya tano mawimbi ya upande mmoja yalibonyea, yamepakwa gundi tena.

Limebaki moja. Kibanda kikifika juu kinabonyeza swichi, mlio wake unasikika, lakini mota haisimami, inapunguza mwendo kidogo tu. Kisha chupa inatua na kibiringo kinazunguka patupu. Tukigeuza swichi kubwa kishuke, hakuna kinachotokea mpaka mtoto aushushe ulimi wa swichi ya juu kwa kidole uwe huru. Chini inasimama vizuri.

Nyaya_Sita alijibu:

Dayodi ya swichi ya juu imegeuzwa, Mwalimu. Inapitisha umeme wa kupanda na kuuzuia wa kushuka. Kupungua mwendo ni zile volti 0.7. Ing'oeni, geuzeni mstari uende upande wa pili, rudisheni. Ya chini msiiguse.

Mkimaliza, wakati mota inapanda, bonyezeni ulimi wa juu kwa kidole kibanda kikiwa ghorofa ya pili: isimame papo hapo. Mkiwa bado mmeubonyeza, geuzeni swichi kubwa: ishuke. Fanyeni hivyohivyo kwa ulimi wa chini kwa upande wa kushuka. Halafu tieni gundi ya moto kwenye miguu ya dayodi zote mbili, kwa kuwa mnara utabebwa hadi ukumbini na miguu hiyo inakatika kirahisi ikipindwa mara mbili tatu.